Friji ya mtumba ilinila uniti mia kwa mwezi: jibu kwa anayehamia Nzuguni, Dodoma

Mkuu, umeuliza mambo matatu: ununue friji ya mtumba au mpya, hizi za inverter zinaokoa umeme kweli au ni maneno ya dukani, na kama ufunge hita ya kuogea. Bajeti milioni moja na nusu. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana nilipohamia Dodoma nilivamia vyote bila kuuliza mtu.

Nilianza na friji ya mtumba kutoka Majengo. Muuzaji alinimaliza kwa sentensi moja: "Hii ya Ulaya bosi, haifi." Kweli haikufa, nilikufa mimi. Nanunua umeme wa elfu kumi, napata uniti 28 hivi, wiki haiishi mita inalia. Nikamsingizia shemeji na pasi yake mpaka akaninunia. Usiku mmoja nikachomoa kila kitu, nikaacha friji peke yake. Saa nne usiku nikaandika uniti zilizobaki, saa kumi na mbili asubuhi nikaangalia tena. Kwa saa nane ilikuwa imekula uniti 1.1. Kwa siku ni tatu na ushee, kwa mwezi kama mia. Sisi wa T1, yaani daraja la kawaida la bei ya umeme, uniti moja inatufikia kwa shilingi 356 hivi ukijumlisha VAT na tozo, kwa hiyo nilikuwa nalipa elfu thelathini na tano kila mwezi ili kilo mbili za nyama zisioze. Shemeji nilimwomba radhi.

Na wewe ukikuta mita yako ni D1, yaani daraja la nyumba zinazotumia umeme kidogo, chunga zaidi. Huko uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukizivuka unalipa 350. Friji kama ile inakuvusha yenyewe hata usipowasha taa.

Fundi alipoikagua alikuta mpira wa mlango umekakamaa na kompresa imechoka. Mpira hata wewe unaweza kuupima dukani: bana noti mlangoni, funga, halafu vuta. Ikichomoka bila kukaza, baridi inatokea hapo hapo. Nilibadilisha mpira, ulaji ukapungua kidogo tu. Mwisho nikaiuza kwa hasara kwa mama mmoja aliyetaka kabati la kuhifadhia unga panya wasifike. Nilimweleza ukweli wote, akacheka, akalipa.

Nilipokwenda kununua mpya sikuhangaika na neno inverter lililoandikwa kubwa mlangoni. Nilitafuta stika yenye kWh kwa mwaka. kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwa hiyo gawa kwa 12 upate ya mwezi. Yangu imeandikwa 219, yaani uniti 18 kwa mwezi. Nilipoipima kwa mtindo ule ule wa usiku ikaja kama 25, kwa sababu joto letu la Oktoba si mchezo na watoto wanafungua mlango kama wanaangalia televisheni. Hata hivyo ni robo ya ile ya mwanzo. Jambo jingine, stika za Ulaya zilibadilishwa Machi 2021: A+ na A+++ ziliondolewa, sasa ni A mpaka G, na vigezo ni vikali zaidi. Friji mpya yenye E inaweza kula kidogo kuliko ya zamani yenye A+. Wauzaji wengi hili hawalijui, au wanalijua wananyamaza.

Inverter yenyewe inaokoa, ndiyo. Kompresa ya kawaida inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. Ya inverter inapunguza mwendo ikishapoa. Ugonjwa wake ni kadi, ile bodi ya kielektroniki inayoongoza kompresa. Umeme ukipanda na kushuka kadi inaungua, na bei ya kadi itakutoa jasho. Nunua gadi ya friji, kile kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka, siku hiyo hiyo, usiseme mwezi ujao.

Hita ya kuogea ya wati 5,500 usiifunge kwa sasa. Mtu mmoja akioga dakika kumi ni uniti 0.9. Mkiwa wanne mnaoga mara moja kwa siku, hizo ni 110 kwa mwezi. Najua baridi ya Juni na Julai huku inauma, lakini birika mbili za lita mbili ukizimimina kwenye ndoo yenye maji hazifikishi nusu uniti na unaoga vizuri. Birika lisafishe kwa limau mara kwa mara, maji yetu yana chumvi na yanaacha gamba jeupe.

Jiko la presha la umeme chukua, halina mjadala. Maharage kwangu yanakula nusu uniti au pungufu.

Kiyoyozi usikifikirie kabisa. Hewa ya Dodoma ni kavu, kwa hiyo kile kipoza hewa cha kujaza maji kinafanya kazi hasa. Shemeji alikipeleka Dar kujaribu, kikawa kinamwongezea unyevu tu chumbani, akakirudisha kwa basi.