Kama unatoa vitunguu Tanzania, itisha cheti

Wenzangu wa soko la Marikiti na nyinyi mnaoanza biashara ya vitunguu vya Tanzania, naomba mnisikize, maana pesa niliyopoteza sitaki mwingine aipoteze.

Safari yangu ya kwanza mpakani Namanga sikujua chochote, broka akaniambia ushuru utanimaliza afadhali mzigo upite njia ya panya usiku na bodaboda, nikakubali, magunia nane, tukashikwa kabla hatujafika lami na vyote vikaenda, nikarudi Nairobi na nauli peke yake. Kilichoniuma ni kujua baadaye kwamba ule mzigo haukuwa na ushuru wa forodha hata shilingi! Vimelimwa Tanzania, na Tanzania na sisi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, umoja wa forodha ulianza 2005, yaani kinachotoka nchi mwanachama hakitozwi huo ushuru. Wazee wetu walipitia mabaya, Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977 na huo mpaka ukafungwa hadi 1983, sasa umefunguliwa halafu sisi tunapita vichakani?

Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa, ndicho kinaonyesha vimetoka Tanzania, kinajazwa hapo hapo mpakani na kugongwa muhuri na forodha ya upande unakotoa mzigo. Ukitoka Tanzania unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili kwa jengo moja, upande wa Kenya. Cheti cha afya ya mimea ni kingine kabisa, hicho kitafute kabla hujapakia. Na ada zingine zinaweza kubaki, uliza ni za nini na udai risiti.

Lakini tafadhali msichanganye na saumu ya China. Kuna mama tulikuwa naye kwa foleni, alikuwa ameweka neti mbili za saumu katikati ya vitunguu, ofisa akafungua, akachukua kichwa kimoja akakigeuza chini, mizizi imekwanguliwa safi kabisa vile ya China huwa, akamwambia mama hii haijatoka Tanzania. Mzigo wote ukawekwa kando, vitunguu vyake halali pia, jua likiwaka, na tulipoondoka bado alikuwa amekaa juu ya magunia. Kama lazima ubebe saumu hiyo, itangaze kwa forodha peke yake na uilipie ushuru.

Ukishavuka usitupe cheti, njiani utaulizwa. Piga picha na simu, karatasi yenyewe mimi huiweka kwa mfuko wa aproni mpaka gunia la mwisho liishe.