Mjomba wa Sinema Anajibu: Mnara wa Watu Watatu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina kibanda umiza hapa Morogoro. Juzi kabla ya mpira niliweka filamu fupi isiyo na maneno, Neighbors ya mchekeshaji wa Marekani Buster Keaton, ile ya vijana wawili wapendanao huku wazazi wao majirani hawapatani. Watu walicheka, ila ubishi ukazuka. Wengine wanasema wale jamaa watatu waliobebana mabegani ni ujanja wa kamera. Mwingine akadai kopi yangu mbovu, mbona watu wanakwenda mbio vile? Je, nitafute DJ wa kuitafsiri? – Mwenye Kibanda

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Wabishi wako wanadaiwa soda. Wale wawili wa chini ni wanasarakasi wa kweli, wa kundi la Flying Escalantes, na wa juu kabisa ni Buster mwenyewe, anayecheza kijana mpenzi. Irudishe uangalie: kila mmoja anatokea dirisha la ghorofa yake, wanapangana mabegani, mnara unavuka ua, na ukifika ng'ambo kila mtu anaingia dirisha lake. Kamera imesimama mbali makusudi, ardhi unaiona na dirisha la juu unaliona, ili usipate pa kushuku. Baba wa binti akitokea, mnara unarudi ulikotoka!

Kwangu mimi mapenzi ya filamu hii yamo humo. Kijana hana maneno matamu. Ana uzio wa mbao, madirisha na kamba ya kuanikia nguo, basi ndivyo anavyotumia kumfikia mtoto wa watu. Barua zinapitia tundu la ubao. Kamba inamvusha, kisha inamrudisha kwao bila huruma. Nimeona mabusu mengi ya sinema yasiyofikia kamba ile.

Na mwili ule haukupatikana bure. Buster alizaliwa Kansas mwaka 1895, akakulia jukwaani katika onyesho la wazazi wake, ambako baba yake, Joe Keaton, alimrusha huku na huko mbele ya watazamaji. Hata nguo yake ilishonewa mpini wa kumshikia. Huko ndiko alikogundua kwamba asipocheka yeye, watu hucheka zaidi. Sasa mwangalie vizuri mzee anayecheza baba wa kijana. Ndiye Joe huyohuyo! Lile pande la mtu, baba wa binti, ni Joe Roberts, na binti ni Virginia Fox.

Kopi yako haina kosa. Mwaka 1920 kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na picha kwa sekunde zilikuwa chache kuliko 24 zilizozoeleka baada ya sauti kuingia. Ukiicheza kwa kasi ya leo, watu wanakimbia. Tena wachekeshaji walizungusha polepole makusudi ili mbio zinoge. Programu nyingi za video zina sehemu ya kupunguza kasi. Punguza kidogo tu, ukizidisha utaua utani.

DJ? Mlipe asome vile vibao vya maandishi kwa Kiswahili, halafu anyamaze. Kwenye harusi, suruali ya bwana harusi inapokataa kukaa kiunoni, hakuna anayehitaji kuelezwa. Muziki unaousikia kwenye kopi uliongezwa baadaye. Enzi zile mpiga piano alikaa ukumbini na kupiga palepale. Mimi ningeuzima, nikaweka taarab ya ala tupu.

Ila kuna kipande kinachonikera. Uso wa Buster unachafuka weusi na polisi wanamchukulia kama mtu mweusi. Marekani ya wakati ule ilicheka mambo hayo, na watazamaji wako wana haki ya kukunja uso. Usikikate, lakini DJ asikipambe.

Ukitaka ya kuambatanisha, tafuta One Week, ya mwaka 1920 vilevile. Humo maharusi wanajijengea nyumba iliyokuja vipande vipande kwenye makasha, na mtu mmoja kavuruga namba za makasha hayo. Joe Roberts yumo tena, safari hii kabeba piano begani.