Anga la ziwani ni pana, kwa nini helikopta zigongane?

Wakuu, habari za jioni. Kuna kijana wa Nansio ameuliza: juu ya maji hakuna milima wala minara, anga limetanda mpaka macho yanachoka, sasa hatari ya helikopta kugongana na chombo kingine inatoka wapi? Na je, abiria anaweza kusaidia? Nilirusha helikopta miaka kadhaa kutoka Mtwara kupeleka watu kwenye meli za kuchimba gesi baharini, na sasa naruka hapa Mwanza kwenda visiwani. Nijibu kwa niliyoyaona.

Mdogo wangu, wewe ni mtoto wa ziwa, anza na mitumbwi ya dagaa. Usiku wa giza taa zimetapakaa, kila mmoja na eneo lake. Kukipambazuka wote wanageuza kuja soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na hapo ndipo wanapoanza kupigiana kelele. Angani ni vilevile. Meli ya kuchimba ina sehemu moja tu ya kutua. Helikopta moja inakwenda, nyingine inarudi, zote kwenye mstari uleule. GPS nayo imezidisha: zamani kila rubani aliukosa mstari kidogo upande wake, na makosa hayo yakatutenganisha bila sisi kujua. Leo wote tunapita katikati kabisa ya mstari. Ndiyo maana mimi husogea kulia kwake kama maili moja, kwenda na kurudi.

Kinga nyingine ni kimo. Mtwara tulipatana kwenda kwa futi 2,000 na kurudi kwa 3,000. Mpango mzuri, mpaka wingu lishuke futi 1,500 wote tubanwe chini yake. Huku kwetu kuna mtego zaidi: ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Rubani mmoja akitaja redioni futi 1,300, akimaanisha juu ya maji, na mwingine akataja 5,000 juu ya usawa wa bahari, watadhani wameachana mbali. Wako kimo kimoja!

Ukiwa chini hivyo na mbali na nchi kavu, rada haikuoni, kwa sababu dunia ni mviringo. Kwenye Ghuba ya Mexico Wamarekani waliweka juu ya majukwaa ya mafuta vituo vya ADS-B, yaani vya kupokea mahali na kimo ambavyo kila ndege inajitangazia yenyewe; vikaanza kazi mwishoni mwa 2009, na waongozaji wa ndege wakaanza kuziona ndege zilizokuwa hazionekani. Pasipo na hayo unatangaza mwenyewe: mimi nani, niko wapi, kimo gani, naelekea wapi, nitafika lini, hata kama hakuna anayeitika. Mtambo wa TCAS, unaomwonya rubani kuwa kuna chombo karibu, unasaidia sana, lakini unategemea transponda ya mwenzako, kifaa kinachoujibu mtambo wako kwa redio. Ya kwake ikiwa imezimwa, skrini yako haina kitu na yeye yupo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye macho, na hapa naomba unisome taratibu. Helikopta mbili za kilomita 220 kwa saa zikielekeana, zinakaribiana zaidi ya mita 120 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani inakadiria sekunde 12.5 tangu jicho lione mpaka chombo kianze kukwepa. Hiyo ni kilomita moja na nusu imekwisha.

Mwezi wa saba, msimu wa moshi wa mashamba, nilikuwa nakwenda Ukerewe kumchukua mgonjwa. Rubani wa helikopta kwa kawaida hukaa kulia; kushoto kwangu alikaa muuguzi. Akanyoosha kidole: "Rubani, kile kidoa mbona hakisogei pale kwenye kioo?" Mimi sikuona kitu. Nikasogeza kichwa mbele, na ndege ndogo ikatokeza nyuma ya nguzo ya fremu ya kioo, kimo chetu. Nilishusha helikopta palepale. Ilipita juu yetu karibu kiasi kwamba niliona tope lililokauka kwenye tairi lake. Rubani wake hakuwa amesema neno redioni.

Yule mama alisema kila kitu bila kujua. Kinachoteleza kwenye kioo kitakupita mbele au nyuma. Kinachokaa palepale huku kikikua kinakuja kwako. Na kwa kuwa hakisogei, kikianza nyuma ya nguzo kinabaki nyuma ya nguzo. Tangu siku hiyo sikai na shingo moja: nasogeza kichwa, natazama kipande cha anga, natulia sekunde moja, nahamia kingine. Kwenye ukungu jicho lisilo na cha kushika huishia kutazama mita chache tu mbele, kwa hiyo nalipeleka kwanza kwenye tanga la mbali au kwenye mawe ya kisiwa cha Ukara, ndipo narudi angani.

Kuhusu abiria: anaweza, na sana. Ila nimeacha kuwafundisha kutaja upande kwa saa kama tunavyofanya marubani. Kwetu sisi marubani saa tatu ni kulia, lakini Mswahili akisema saa tatu mshale wa saa uko kwenye tisa, yaani kushoto. Anayekaa mbele namwambia anyooshe kidole kama yule muuguzi, na asikishushe mpaka anisikie nikisema nimeiona.