Korea tarehe 21 hadi 30 Septemba? Dada, usilipie hiyo tiketi!

Salamu nitakupa mwishoni. Nimesoma orodha yako ya ndoto: kasri la Gyeongbokgung pale Seoul ukiwa umevaa hanbok, vazi lao la asili, mji wa kale wa Gyeongju, kisiwa cha Jeju, vyakula vya mtaani, bajeti iwe ngapi, halafu eti "niwahi na Chuseok nishuhudie utamaduni laivu". Hapo kwenye Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini. Mwaka 2026 inaangukia Ijumaa ya tarehe 25 Septemba, na wewe unatua tarehe 21. Unajipeleka mwenyewe mdomoni mwa mamba, tena kwa nauli yako.

Mimi nilifanya hivyo hivyo 2024. Wakala mmoja wa safari hapa Dar, mstaarabu wa sura, tai shingoni, aliniambia: "Kaka, nenda Chuseok, ndipo utaiona Korea yenyewe. Na beba sweta, kule ni baridi." Sasa niulize mimi: ukitaka kuona mila za Wachagga utazifuata Kariakoo tarehe 25 Desemba? Hawapo! Wako Rombo, Kibosho na Marangu, na mabasi yalijaa siku nyingi. Chuseok ndiyo hiyo. Watu wanarudi kwao kufyeka majani makaburini, kuwaandalia mababu meza ya chakula na kula songpyeon, vile vikeki vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Utamaduni upo, tena mwingi, ila uko sebuleni kwa watu. Wewe na kamera yako mko barabarani mnatazama mageti.

Nilitua Ijumaa ya tarehe 13 (cheka tu, nimezoea). Jumamosi asubuhi niko stesheni ya Seoul na begi langu naelekea Gyeongju, kwa KTX, treni yao ya mwendo kasi, ni kama masaa mawili. Watu kama siafu, kila mmoja na boksi la zawadi: huyu matunda, yule makopo ya nyama yamepangwa kama dhahabu. Nikadhani kuna harusi ya taifa zima. Binti wa dirishani akanigeuzia kioo cha kompyuta: imejaa, imejaa, imejaa, hadi tiketi za kusimama. Kumbe treni za sikukuu huuzwa kwa siku zake maalumu, wiki kadhaa kabla, na wenye nchi yao wanazigombania. Nampigia wakala, hapokei. Hadi leo hajapokea.

Nikalipa chumba kingine Seoul huku cha Gyeongju kinahesabu usiku wangu. Jumapili nikapata basi. Njia ya masaa manne tulikwenda manane, nikafika usiku. Jumatatu nikapata siku moja, moja tu, ya mji uliokuwa makao ya wafalme wa Silla, dola ya kale, kwa karibu miaka elfu. Hekalu la Bulguksa nililipita mbiombio kama naenda kulipia bili. Seokguram, pango la yule Buddha wa mawe kule juu mlimani, sikuliona kabisa. Na jua! Mwaka ule joto liligoma kuondoka, zaidi ya digrii 30, mimi na sweta langu begani kama mgonjwa. Jumanne, sikukuu yenyewe, migahawa midogo imefungwa, nikala tambi za kikombe kwenye duka la masaa 24 nikiwa nimesimama. Hiyo ndiyo karamu yangu ya Chuseok.

Jumatano nikapanda basi la alfajiri kuwahi ndege ya Jeju uwanja wa Gimpo, kule Seoul. Na wale wote waliokwenda kwao nao wakawa wanarudi, siku hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo. Ndege ikaondoka mimi nahesabu taa za nyuma za magari. Tiketi imeungua, chumba cha Jeju siku mbili kimeungua, mlima wake Hallasan nimeuona kwenye kalenda ya hoteli. Ukijumlisha na kile chumba cha ziada, kama milioni moja na laki mbili zilikwenda na maji. Mke wangu anajua laki tatu, kwa hiyo wanaomfahamu nyamazeni.

Kusema haki, makasri ya Seoul yalikuwa wazi sikukuu nzima, tena bure. Na watu wote waliobaki mjini wakajaa humo humo. Siku za kawaida kiingilio cha Gyeongbokgung ni won 3,000, na ukivaa hanbok hugusi hata mfuko. Jumanne kwa kawaida hufungwa. Kwa hiyo bure ya Chuseok ni bure gani?

Tazama kwanza kalenda ya mwezi mwandamo, tiketi baadaye. Chuseok na Seollal, mwaka mpya wao, hazikai tarehe moja, zinahama kama Idi, na siku za kuzizunguka nazo zihesabu. Wewe sogeza hadi baada ya tarehe 12 Oktoba. Ukivuta mpaka mwisho wa mwezi utakuta majani ya Seoul yameanza kugeuka mekundu, na kiti cha treni utachagua cha dirishani.

Chakula? Utakula tu. Bajeti njoo tuongee ukishabadilisha tarehe, ukizing'ang'ania hizo hakuna bajeti itakayotosha.

Haya, hujambo lakini?