Re: Doria ya baiskeli mtaani Nkuhungu, tuanzie wapi?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: vijana wa ulinzi shirikishi mtaani kwenu wapo tayari na baiskeli mmeshapata, ila mwenyekiti anasita kuwaruhusu watoke usiku.

Baiskeli ziache kwanza, anza na majina. Polisi kata wenu anawafahamu hao vijana mmoja mmoja? Kwetu Chang'ombe mambo yalikwama hapohapo, na hofu ya mwenyekiti ilikuwa ya haki kabisa: kijana asiyejulikana akimsimamisha mtu saa nane usiku, yeye ndiye ataitiwa mwizi. Pelekeni orodha kwa mtendaji na polisi kata, kisha kwenye mkutano wa mtaa wananchi wawaone sura. Wakimkamata mtu, apelekwe kituoni mara moja. Kumpiga ni kosa la jinai, hata kama ameshikwa na kuku mkononi.

Baiskeli yenyewe inafaa sana. Kule Seattle, Marekani, polisi walianza doria hizi mwaka 1987 kwa sababu magari yalikuwa yanakwama kwenye foleni. Kwetu shida ni vichochoro ambavyo gari halipiti. Tena mama wa vitumbua alfajiri atamnong'oneza mwenye baiskeli jambo ambalo asingelipeleka kituoni.

Halafu mbigili! Kiangazi hiki zitawatesa mno. Kila jozi iwe na pampu, gundi na viraka, na asitoke mtu peke yake. Posho msiahidi kabla michango haijaingia.