Jenereta ipo, mbona mashine za ICU zinazima?

Ndugu, umeuliza kwa nini mashine za kupumulia za wagonjwa mahututi (ICU) zinazimika umeme ukikatika ilhali jenereta mnayo. Jenereta huchukua sekunde kadhaa, hata 10, kuwaka na kubeba mzigo. Pengo hilo huzibwa na betri. Anza kuzikagua hizo, maana betri iliyochoka huonekana nzima mpaka siku ya shida.

Jenereta nayo isiachwe ingurume bure. Kila mwezi ibebeshwe mzigo halisi kwa dakika 30. Pampu ya mafuta imekaa wapi? New York mwaka 2012, kimbunga Sandy kilifurisha vyumba vya chini vya hospitali, zilimokuwa pampu za mafuta, jenereta zikazima, wagonjwa wakateremshwa kwa ngazi usiku.

Na tafadhali sana, kila kitanda chenye mashine kiwe na mfuko wa kupumulishia kwa mkono, leo hii.