Kujiandaa kusikiliza na kusoma Kiingereza cha IELTS ukiwa Moshi au Arusha

Matokeo ya form six yakishatoka tu meseji zinaanza kumiminika, machalii wa hapa Arusha na wadogo zangu wa kule Moshi wanaotaka kuomba vyuo vya nje, na wote wanauliza kitu kile kile, dada IELTS najiandaaje, nianzie wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja (kwa upendo tu jamani msininunie) kwa hiyo leo namwaga yote hapa. IELTS ni mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi vya nje vinautaka, na mimi nitaongelea kusikiliza na kusoma tu. Kuandika na kuongea ni habari nyingine, zinataka mtu wa kukusahihisha, na kama una hela ya tuisheni basi ipeleke huko, hizi mbili unaweza kuzifanya mwenyewe na simu yako.

Kwanza kabla hujalipa chochote ingia kwenye tovuti ya chuo unachotaka usome masharti yao vizuri. Vipo vyuo vinavyokubali barua ya kuthibitisha kwamba umesoma kwa Kiingereza, vingine hata uwaletee barua kumi hawataki, wanataka IELTS au TOEFL (mtihani mwingine wa Kiingereza). Na angalia wanataka bendi ngapi (ndo alama za IELTS zinavyoitwa), digrii nyingi utakuta 6.0 au 6.5, ukienda kwenye udaktari na sheria mara nyingi wanapanda mpaka 7. Matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kufanya mtihani wakati hata hujajua unaomba lini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Sisi Kiingereza tumekipata kwa macho. Shule ya msingi wengi wetu tumesoma kwa Kiswahili, tukafika form one tukakuta kila kitu Kiingereza, na hapo mwalimu anaandika ubaoni wewe unanakili, notsi, pasti pepa, notsi tena, na akitaka tuelewe kweli anatuchanganyia na Kiswahili. Kwa hiyo jicho limesoma miaka sita lakini sikio halijasoma kabisa. Ndo maana unakuta mtu ana B ya Kiingereza NECTA, ukimpa karatasi anasoma fresh, ukimwekea Muingereza anaongea dakika tatu anabaki anakutolea macho. Na bado huyo huyo anajiandaa kwa kukariri msamiati kwenye karatasi! Mi nasema hivi, kama una masaa matatu ya kujisomea, mawili yape masikio.

Mtihani wa kusikiliza una sehemu 4, maswali 40, sauti inaenda kama dakika 30 na kila kitu unakisikia MARA MOJA tu. Sehemu ya kwanza ni watu wawili wanaongea mambo ya kawaida, kukodi nyumba, kujiandikisha kozi, ya pili mtu mmoja anaelezea kitu kama vile ratiba ya jumba la makumbusho, ya tatu ni wanafunzi wanajadiliana labda na mwalimu wao, ya nne ni lekcha. Lafudhi zinachanganywa, Uingereza, Australia, New Zealand, Marekani, Kanada. Ukitaka bendi 6 upate kama 23 kati ya 40, ukitaka 7 upate kama 30. Ona, huhitaji kupata yote.

Mimi sehemu ya kwanza ilinisaidia sana kazi niliyokuwa nafanya, nilikuwa mapokezi kwenye hosteli moja Moshi wanapofikia wapanda mlima, na kazi yangu kubwa ilikuwa simu, mtu anapiga kutoka nje anataka chumba, anataja jina herufi kwa herufi, namba ya simu, tarehe, ndege inatua KIA saa ngapi. Hiyo ndo sehemu ya kwanza ya IELTS yenyewe kabisa. Na hapo ndo niligundua sisi Waswahili herufi zinatumaliza. Akisema "i" mkono wako unaandika I, kumbe kataja E. Akisema "ei" unaandika E, kumbe ni A. Akisema "ai" ndo I. G na J zinabadilishana, Mmarekani Z yake anaiita "zii" wewe unaandika C, na kukiwa na herufi mbili zinazofanana hasemi t t, anasema "dabo t". Sifuri kwenye namba ya simu anaita "ou". Unaona vitu vidogo, watu wanavidharau, lakini hizo ni maksi za bure kabisa na ndo rahisi kuliko zote kwenye mtihani mzima. Tafuta rafiki, mtajiane majina ya ajabu ajabu kwa herufi, muulizane namba, thirteen na thirty, fifteen na fifty, mpaka mkono uandike bila kufikiria. Thirteen nguvu iko mwishoni na ile n inasikika, thirty nguvu iko mwanzoni.

Halafu kuna mtego wa kujisahihisha. Mtu anasema tukutane Jumanne, mwenzake anasema ah Jumanne nina miadi, basi Jumatano. Wewe ulishaandika Jumanne na kalamu umeweka chini unajipongeza. Usiweke kalamu chini mpaka wahamie jambo lingine.

Kitu kingine ni mlio wenyewe wa lugha. Kiswahili kila silabi inapata haki yake, ki-ta-bu, hamna anayedhulumiwa. Kiingereza wanabonyeza silabi moja zingine wanazimeza, comfortable inatoka "kamftabo", what do you want to inatoka "wodyu wonna". Maneno yote hayo unayajua ukiyaona, ila yakipita sikioni huyatambui. Kwa hiyo tatizo kubwa sio msamiati, na hii nairudia kwa sababu watu hawaamini.

Dawa yake ni hii. Chukua sauti fupi yenye maandishi yake, dakika tano sita inatosha. Sikiliza mara moja kama mtihani, jibu maswali, usisimamishe hata ukipotea. Sahihisha. Ulipokosa, kabla hujafungua maandishi, rudia kipande hicho tu mara kadhaa ukijaribu kukikamata. Ukishindwa ndo ufungue maandishi uone, na hapo ujiulize nimekosa kwa nini: neno sikulijua, au nalijua ila sikulisikia, au nilisikia nikaingia mtegoni, au nilipata ila spelingi nimekosea? Andika kwenye daftari. Baada ya wiki kadhaa utaona ugonjwa wako uko wapi, na kwa wengi niliokaa nao ni ule wa pili, nalijua ila sikulisikia. Ukishaona hivyo fanya imla. Ile imla ya shule ya msingi mnaikumbuka? Ile ile. Dakika moja ya sauti, unaandika kila neno, unalinganisha na maandishi, halafu unaongea pamoja na yule mtu kwa kasi yake ukimuiga mpaka na pale anapomeza. Inachosha na majirani watashangaa lakini hakuna kitu kilichofungua masikio yangu kama hicho.

Kuweka BBC ikawa inaongea huku unapika ugali ukasema unafanya mazoezi, hapana, hiyo ni burudani. Sio mbaya ila usiihesabu.

Na kabla sauti haijaanza unapewa muda kidogo wa kusoma maswali, huo muda ni dhahabu. Ni kama konda wa kifodi (daladala) pale mjini, anapiga kelele maneno mengi na muziki juu, wewe unadaka "Sakina Ngaramtoni" kwa sababu ndo unayoisubiria, mengine yanapita. Kwa hiyo angalia pengo la kujaza kwenye swali, jiulize hapa panataka nini, namba, jina la mahali, kitu, wingi au umoja? Halafu usisubirie neno lile lile la kwenye swali, mara nyingi wanalisema kwa namna nyingine, swali limeandika cheap, msemaji atasema haigharimu sana. Na wakikwambia andika maneno yasiyozidi mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu liko humo ndani. Spelingi inahesabika, ya Uingereza au ya Marekani zote sawa.

Vya kusikiliza vipo vya bure. BBC Learning English wana kipindi cha dakika 6 chenye maandishi, British Council wana LearnEnglish yenye mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia chini kabisa, na tovuti ya IELTS yenyewe ina mitihani ya mfano. Bando likibana pakua vyote siku ukipata waifai usikilize nje ya mtandao. Kama uko Arusha na unataka kuzoea hotuba ndefu, Bunge la Afrika Mashariki likikaa hapa makao makuu ya EAC mijadala inarushwa mtandaoni, nusu saa ya wabunge wakibishana ushuru wa forodha inakufundisha kutosinzia na lekcha ya sehemu ya nne haitakutisha tena. Lafudhi sio za mtihani, najua, hapo unajenga pumzi tu.

Haya, kusoma. Hapa tuko vizuri zaidi ila saa inatuua. Ile ya Academic (ya wanaoomba vyuo) ina vifungu 3, maswali 40, dakika 60, na jumla ya maneno ni kati ya 2,150 na 2,750. Kwenye kusikiliza kwa karatasi unapewa dakika 10 mwishoni za kuhamishia majibu (kwenye kompyuta ni 2 za kukagua), kwenye kusoma hupewi hata moja, unaandika jibu palepale. Sisi tumelelewa na ufahamu wa shule, soma habari yote kwa makini, ndipo ujibu maswali. Ukifanya hivyo hapa muda unaisha uko kifungu cha pili. Pitia haraka, soma kichwa cha habari na sentensi ya kwanza ya kila aya ujue nini kiko wapi, halafu nenda kwenye maswali na urudi kuwinda. Aina nyingi za maswali majibu yake yanafuatana na mpangilio wa habari, ukipata la 3 jibu la 4 liko chini yake. Neno gumu usilolijua liache, hamna aliyekuajiri kutafsiri.

Kilio kikubwa ni yale maswali ya True, False na Not Given. Ngoja nitoe mfano wa nyumbani. Tuseme kifungu kinaongelea mimea ya mlima Kilimanjaro, kinaeleza mashamba ya kahawa na migomba kule chini, msitu wa mvua, ukipanda zaidi vichaka, mpaka unafika kwenye mawe na barafu. Swali linasema: Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika. Wewe wa Moshi umeamka unauona tangu umezaliwa, mita 5,895 unazijua kuliko namba yako ya simu, unaweka True haraka haraka. Lakini kifungu hakijagusa urefu popote! Jibu ni Not Given. Mtihani hauulizi unajua nini, unauliza kilichoandikwa pale. False ni mpaka kifungu kiseme kinyume chake. Na ukitafuta mara mbili hukuti kitu, usitafute mara ya tatu, weka Not Given uondoke. Kinachonichekesha ni kwamba mada unazozijua ndo zinakuumiza zaidi kuliko usizozijua.

Vya kusoma, The Citizen na The EastAfrican ni magazeti mazuri ya kujenga mazoea, ila vifungu vya mtihani havifanani sana na habari za siasa, ni vya sayansi, historia, wanyama, miji, elimu. Kwa hiyo soma na makala ndefu za hivyo, nenda maktaba ya mkoa ukae na kitabu chochote kinachoelezea kitu, weka saa, na ukimaliza kila aya sema kwa sentensi moja imesema nini. Kwa Kiswahili ni ruksa, tena bora, maana ukishindwa kuisema kwa Kiswahili hukuielewa. Hiyo inasaidia sana kwenye maswali ya kuoanisha aya na vichwa vyake.

Ukikosa jibu hawakukati maksi, kwa hiyo usiache pengo hata moja, bahatisha.

Wiki za mwisho fanya mitihani mizima, kusikiliza kisha kusoma bila kupumzika. Na usizoee hedfoni tu, kama kituo chako bado kina mtihani wa karatasi kuna vyumba utakuta spika mbele, fanya mara moja moja kwa spika ya simu kuna kelele, masika ikipiga kwenye bati ndo wakati wenyewe. Halafu pasipoti. Ndo unayosajilia na ndo watakayotaka kuiona siku ya mtihani, kwa hiyo kama huna, au yako inakaribia kuisha, anza na Uhamiaji kwanza ndipo ulipie mtihani.